Chumba cha Mvuke Bustanini Kasuku

Kindu, mtaa wa Kasuku
Mvua zinaelekea kwisha

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya neno lolote nataka kujua goti lako. Bado linakukataza kuinuka asubuhi? Baridi ya Butembo ya miezi hii naijua, ukungu unaingia mpaka jikoni na kukaa na watu kama mgeni asiyeaga. Na wanangu wanakula vizuri? Wanakusikiliza? Shemeji Mumbere ameniambia Masika anajisuka nywele mwenyewe siku hizi. Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia ndani nikalia, maana nilipomtuma kwako alikuwa hajui hata kufunga kitambaa. Na mdogo wake, bado anaogopa mbuzi?

Sisi huku tunapumua, tunakula, tunauza chumvi na sabuni. Mengine nitakueleza. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaiacha. Nikikaa, nasikia maji yanachemka. Nikiinuka, nakumbuka neno nililotaka kukuambia. Mwili wangu umesahau kukaa, Mama. Hata sasa naandika nimesimama kwenye meza ya duka, na shoferi atakayeibeba amekwisha kunichungulia akiuliza kama namwandikia mama au naandika Biblia.

Shemeji Mumbere alinifikishia maneno yako na ya ukoo: rudini. Barabara imemkataa Kambale wangu, ndugu yake mdogo. Mwanamke hawezi kushika duka peke yake kwenye mji wa watu. Watoto wanauliza wazazi wao. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa chai, sikumjibu. Aliondoka amenuna, na najua amekuambia nimekuwa na kiburi. Jibu langu nimeliweka humu, lakini halieleweki bila habari zake. Nivumilie.

Ile ajali unaijua. Daraja la magogo kwenye njia ya Kampene lilivunjika, kamio aliyokuwa anaiendesha ikalala ubavu mtoni na mizigo yake, na mume wangu akatolewa na mgongo na nyonga vimeumia. Unajua pia kwamba mzee mmoja aliyekaa mbele naye alikufa palepale. Hospitali walimlaza Kambale kwa muda, kisha wakasema mifupa imeshika, sasa aende nyumbani akapumzike.

Apumzike! Neno hilo lilitutesa kuliko mfupa. Unamjua mkwe wako, hata siku ya harusi yetu alitoka mara mbili kwenda kuangalia tairi. Tulimlaza kwenye chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara, tukidhani atafurahi kuona watu. Kumbe tulimfunga mbele ya sahani asiyoweza kula. Kila kamio ikipita alikuwa anageuza shingo.

“Sikia,” ananiambia. “Huyu anabadilisha gia kabla ya kilima. Ataua motere.”

“Lala, Baba Masika.”

“Nimelala. Masikio njo hayalali.”

Kisha anageukia ukuta mpaka jioni. Nikimletea sombe ya majani ya muhogo, anaacha. Nikimuuliza anaumwa wapi, anajibu, “Mahali mupya kila saa.” Nami nikawa kama yeye. Nafungua duka, naacha wateja, nakimbia ndani kumwangalia, narudi nakuta mtu ameondoka na sabuni. Nikipika naunguza. Nikilala nahesabu mihimili ya dari. Tulikuwa watu wawili ndani ya nyumba moja, mmoja hawezi kutembea na mwingine hawezi kusimama mahali pamoja.

Hapo ndipo alipoingia Mama Zuhura. Ni jirani, mjane wa Kiislamu, anauza mikate ya mchele mbele ya duka letu. Watu wake wako hapa tangu mababu waliokuja na misafara ya pwani, na Kiswahili chake kimenyooka hata ananicheka nikisema “kule kwetu iko baridi.” Siku aliyokuja kumpa mgonjwa pole hakukaa. Alisimama mlangoni akanusa hewa, akamtazama Kambale, akanitazama mimi, akanivuta kwa mkono hadi nyuma ya nyumba.

“Ndani mule mna moshi, mna kelele, mna vumbi la magari,” alisema. “Mtu atapona wapi mule? Na wewe mwenyewe unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kile chumba kule bustanini kina nini?”

Nilimwambia kina matairi, mapipa na magunia matupu.

Nikueleze, Mama. Nyumba hii tunayopanga ilijengwa na mfanyabiashara Mgiriki. Maduka ya wageni yalipotwaliwa na serikali, aliondoka na mkewe wakaacha kila kitu. Huyo mke alikuwa na kichaa cha maua. Alijengewa chumba kizima mwisho wa bustani, nusu ukuta na nusu vioo, kwa ajili ya vyungu vyake tu. Sisi tulipofika tukaona pahali pazuri pa kutupa vitu. Vioo vingine vimepasuka, na mti wa mpera umeingiza tawi ndani kama mtu anayetaka kusalimia.

Mama Zuhura alizunguka humo ameinua nguo yake asichafuke. Akasema kwao mwanamke aliyejifungua, au bibi harusi, au mtu aliyevunjika, haachwi katikati ya nyumba. Anapewa mahali pake, maji ya moto, mvuke wa majani, mafuta, udi na ukimya. Anasingwa na kukandwa mpaka mwili ukumbuke kwamba ni wake.

“Lakini mimi simshiki mume wa mtu,” aliniwahi. “Nitakukanda wewe, ujue kwa ngozi yako. Kisha wewe utamkanda wako.”

Nilikubali upesi mno. Sikuamini sana habari ya mvuke, Mama, nakuambia kweli. Nilitaka tu kazi ya mikono, kitu cha kubeba.

Nikabeba. Nilitoa matairi moja moja, nikayaviringisha mpaka chini ya mpera. Nilifagia buibui, nikapaka kuta chokaa, nikajaza vioo vilivyopasuka kwa mbao. Fundi wa jirani alinisaidia kumwaga simenti sakafuni, imeinama kidogo ili maji yatoke yenyewe na kwenda kwenye migomba. Nje tulijenga mafiga makubwa ya mawe, pipa likakaa juu, na kutoka kwenye pipa bomba fupi linapita ukutani kuleta mvuke ndani. Kitanda tulikitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyoachana, ili mvuke upande kutoka chini, na juu yake mkeka. Tawi la mpera sikulikata. Majani yake Mama Zuhura anayachemsha pia.

Kilichotushinda kilikuwa pazia. Vioo vya upande wa barabara vinaonyesha kila kitu, na kitambaa kikubwa nilichokuwa nacho ni kile walichotugawia wanawake wa mtaa kwenda kucheza siku ya sherehe za chama, chenye uso wa Mkubwa wa nchi katikati. Nikakitundika. Kinatosha sawasawa. Mama Zuhura alipoingia, alirudi nyuma.

“Toa!”

“Kwa nini? Kizuri.”

“Wewe, watu watavua nguo mbele ya uso wake? Na kesho mtu aende kusema kwamba kwa Mama Masika Mkubwa anaangalia matako ya watu?”

Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye simenti mbichi. Alama ya makalio yangu ipo mpaka leo. Kisha tukaacha kucheka, tukatazamana, nikakitoa haraka na kukikunja vizuri kabisa. Nilishona magunia ya sukari badala yake.

Muda wote huo Kambale alikuwa anasikia nyundo na kuuliza kwa sauti kutoka kitandani, “Matairi yangu umetupa wapi?” Nilipomweleza chumba ni chake, alikataa.

“Mimi si mutoto wa kuogeshwa. Wala si bibi harusi.”

“Ni maji ya moto tu.”

“Maji ya moto utanipa humu ndani, kwa beseni, kama muntu.”

Nikaacha. Niliapa sitamwambia tena. Pipa likakaa baridi, na chumba kikanuka chokaa mpya bila mtu. Mama Zuhura alinikanda mimi kama alivyoahidi, nami nilijifunza namna ya kuanza kwenye miguu, kutobonyeza mfupa, kufuata nyama inapokwenda. Lakini sikutulia hata kidogo. Alinipiga kofi dogo mgongoni: “Umelala lakini miguu inakimbia. Unakwenda wapi?” Sikujua nilikuwa nakwenda wapi.

Asubuhi moja, nikiwa dukani, ilipita kamio ambayo hata mimi niliitambua. Ndiyo ile ile ya ajali. Tajiri wake alikuwa ameitoa mtoni, ameitengeneza, amempa shoferi mwingine. Nikasikia kishindo ndani. Kambale alikuwa amejaribu kuinuka kuifuata. Nilimkuta chini, shavu sakafuni, mkono mmoja umeshika mguu wa kitanda. Hakulia. Alisema polepole, kama anayezungumza na sakafu:

“Imepona mbele yangu. Mimi bado.”

Nilikaa chini karibu naye. Baadaye akauliza, “Kile chumba chako kina moto?”

Nilimwita fundi, tukamshika huku na huku, tukapita naye bustanini. Aliyapa matairi yake salamu ya jicho. Tulipomlaza kwenye mkeka, nikaweka kwenye pipa majani ya mkaratusi, mchaichai na ya mpera. Harufu ya mkaratusi ilipotoka, alifumba macho akasema, “Butembo.” Nami nikashika mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi yanayonuka moshi, nikaanza kwenye nyayo kama nilivyofundishwa. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama mbao aliyolalia.

Siku za kwanza alilalamika tu: maji ya moto sana, mkono wangu mzito, mbao inamchoma, lini itakwisha. Kila baada ya kitambo alitaka kugeuka. Lakini kesho yake yeye ndiye aliyeuliza kuni zipo. Polepole akaanza kulala humo mchana, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Halafu akaanza kusimama akishika ukuta, kisha akishika fimbo.

Siku moja, mvuke ukiwa mzito hata simwoni uso, alianza kusema habari ya mzee aliyekufa. Kwetu hakuwahi kulitaja jina lake. Alikuwa Mzee Amuri, fundi wa kushona hapa Kasuku, alikuwa anakwenda Kampene kwa binti yake aliyeolewa huko. Njia nzima alikuwa anamchekesha Kambale kwa hadithi ya mteja aliyekataa suruali kwa sababu mifuko ilikuwa mirefu, akisema mkewe ataingiza mkono mpaka magotini. Walikuwa wanacheka wote wawili magogo yalipovunjika.

“Nilikuwa nacheka,” alisema. “Wamemuzika kule kwa binti yake. Mimi nilikuwa hospitali. Sikukaa kwenye matanga yake hata siku moja, Mama Masika. Muntu anakufa ubavuni mwako, na wewe hukai chini pamoja na watu wake.”

Nilimwambia daraja lilikuwa bovu, kila mtu anajua. Akasema, “Daraja haliendi kutoa pole.” Kisha akaniambia niongeze maji.

Mama, ilinipasa nielewe siku ile. Sikuelewa. Nilidhani kusema kumemaliza.

Niliporudi kutoka sokoni siku moja kabla ya adhuhuri, kitanda kitupu, chumba cha bustani kitupu, fimbo haipo. Nilikimbilia mahali kamio zinapopakia mizigo. Wapakiaji wakanicheka: “Mume wako? Tumemunyanyua wenyewe, amekaa mbele. Wamekwenda zamani.”

Hasira niliyokuwa nayo sijui kuiandika. Niliona amekwenda kuendesha tena, afe vizuri safari hii. Nilisema nimemkanda kwa mikono yangu ili apate nguvu za kunikimbia. Nilirudi nikachukua fagio nikafagia uwanja mzima, nikafagia na uwanja wa jirani. Mvua ikanyesha, nikafagia tope. Mama Zuhura alininyang’anya fagio.

“Ingia humo,” alisema, akionyesha chumba.

“Sitaki.”

“Sikuulizi.”

Alinilaza, akafukiza udi, akanipaka mafuta kichwani kama mtoto. Nililia kwa sauti na hakuniambia ninyamaze. Nilisema yote, hata yale mabaya, kwamba nimechoka na Kindu, nimechoka na Kambale, kwamba watoto wangu wanakua bila mimi ili nimlinde mtu asiyetaka kulindwa. Alisikiliza, mkono wake hausimami. Nilipomaliza alisema tu, “Haya. Geuka upande wa pili.” Sikutulia, Mama, nisikudanganye. Ila nilichoka vizuri, na namna ya kuchoka vizuri nilikuwa nimeisahau.

Siku zilipita bila habari. Sikuweza kukaa nyumbani kutazama barabara, kwa hiyo Mama Zuhura alipoomba chumba kwa binti yake Asha, aliyejifungua kwa shida, nilifurahi. Alikuja amejikunja, rangi imemtoka, hataki hata kumtazama mtoto. Mimi na mama yake tulimkanda tumbo, tukamfunga kitambaa, tukamwacha na mvuke na giza kidogo. Siku ya kwanza hakusema. Zilipopita siku kadhaa aliomba apewe mtoto amnyonyeshe humo humo. Wanawake wa mtaa wakasikia. Akaja mke wa mwalimu, mabega yamemchoka kwa kubeba maji, akaja mama mmoja wa kwetu mwenye duka la vitenge, Mkristo kama sisi, akiuliza kama udi si dhambi. Mama Zuhura akamjibu, “Dhambi ni mgongo wako ulivyokaza.” Wengine walikuja na kuni, wengine na mafuta, wengine na mdomo tu.

Kwa hiyo Kambale aliporudi, alasiri moja yenye jua, alikikuta chumba chake kimejaa. Nilimwona kupitia tundu la pazia. Anatembea na fimbo, suruali tope mpaka magotini, amekonda. Akaja moja kwa moja mpaka mlangoni, akasikia vicheko vya wanawake, akasimama.

“Nani iko mule?” aliuliza.

“Watu,” nilimjibu kutoka ndani.

“Na mimi?”

“Kaa kwenye tairi, ngoja zamu yako.”

Wanawake waligeuka wote kunitazama. Sijawahi kumjibu hivyo. Lakini alikaa, Mama. Alikaa kwenye tairi lake chini ya mpera, fimbo katikati ya magoti, na wanawake walipokuwa wanatoka mmoja mmoja walimsalimia, naye aliwajibu kama mtu aliyekaa sebuleni kwa daktari.

Nilipomkanda, ndipo alipoeleza. Hakugusa usukani. Alikwenda Kampene kwa binti ya Mzee Amuri. Alifika akasema jina lake mlangoni, na mume wa yule binti akataka kumfukuza. Binti mwenyewe akasema aachwe. Alimuuliza jambo moja tu: baba yangu alisema nini mwisho? Kambale akamweleza ile hadithi ya suruali, mpaka neno la mwisho lilipokatikia. Yule binti alicheka, akaficha uso kwenye kitenge, akalia, kisha akamwamuru aieleze tena kwa watoto. Walimpa mkeka. Alikaa nao mpaka walipomwambia wenyewe, sasa nenda nyumbani.

“Mbona hukuniambia?” nilimuuliza.

“Ungenikataza.”

“Ningekukataza, ndiyo.”

“Basi,” alisema, akalala.

Sasa jibu langu, Mama. Haturudi. Usidhani ni kiburi, na usidhani mambo yamekuwa mazuri. Kambale hawezi tena kuendesha safari ndefu na yeye mwenyewe amelisema. Amejaribu kukaa dukani, anawagombeza wateja. Sasa amejipa kazi ya kuni na ya moto, anapasua, anapanga, anatugombeza sisi kwamba tunamaliza kuni kama tunapika tembo. Bado akisikia motere anageuza shingo. Kuna siku atapanda kamio tena aende mahali, najua, na mimi nitafagia tena uwanja wa jirani. Lakini hapa nina kazi ambayo wanawake wananitafutia kwa jina langu. Na nyonga yake inataka ule mvuke. Butembo tutakaa kwa watu, tukihurumiwa.

Ninachokuomba ni kizito kuliko ulichoniomba wewe. Shule zikifungwa, niletee watoto, uwalete wewe mwenyewe. Njia ni mbaya, najua, na goti lako najua. Goti ndilo sababu. Mama Zuhura amekwisha kuuliza ni la kulia au la kushoto.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie tumbako nitamtumia kwa msafiri mwaminifu, huyu wa leo anavuta mwenyewe. Msalimie dada yangu anayefundisha kwa masista, na shangazi yule wa mlimani anayenilaumu kwa kuolewa na mtu wa magari. Shemeji Mumbere mpe samahani kwa ile chai ya kimya, na umsomee barua hii yote, hata pale anapotajwa. Wanangu washike mashavu kwa niaba yangu. Waambie baba yao anatembea, ila anatembea na fimbo, anainama upande mmoja kama meza mbovu, na wakimwona wasimcheke.

Au wamcheke tu. Amekaa muda mrefu bila kuchekwa na watu wake.

Ni mimi binti yako, nisiyetulia,
Kahindo, Mama Masika